Miondoko Ishirini na Nne ya Kujihami Farsta

Gharama yote ya jambo hili ilikuwa hivi: suruali tatu za kazi zilizochanika msambani, redio moja ya mkononi, ufa katika kioo cha duka la miwani, na chapati mia mbili tisini na mbili. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mia mbili tisini na tatu, lakini ile moja niliila mwenyewe ndani ya treni, kwa hiyo haiingii.

Naitaja bei mapema kwa sababu nyinyi vijana mnaoingia kazi ya ulinzi mna tabia mbaya: mnauliza bei mkiwa mmeshaikumbatia bidhaa kifuani. Muuzaji akikuona umekumbatia, bei imeshapanda. Mimi kabla ya kuja huku Sweden niliuza mitumba Kongowea, Mombasa, na baada ya kuja nilivaa sare ya mlinzi miaka ishirini na miwili katika jengo la maduka Farsta. Kazi ni moja. Unasimama, unatazama mikono ya watu, na unajua nani atalipa na nani ataondoka na soksi ndani ya koti.

Sasa nimestaafu. Kila Jumamosi tukikutana ukumbini Fittja, kuna mmoja wenu atanivuta kando: "Bibi, ni kweli ulimwangusha Mswidi wa kilo mia moja kwa taichi?" Mimi hujibu kwamba zile kilo sikuzipima. Lakini kwa kuwa watatu kati yenu mmeanza kazi mwaka huu, na wanne mnafikiria, naona niandike, ili hadithi isiendelee kunenepa bila ruhusa yangu.

Nianze na aibu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye mashine ya kurudishia makopo, ile inayokulipa senti kwa kila kopo tupu. Bwana mmoja mrefu, pombe ya jana bado inamtembelea, alikuwa anaipiga mashine kofi kwa sababu ilikataa kopo lake lililobondeka. Nikamwambia kwa upole aiache, mashine haina masikio. Akanishika kifundo cha mkono wa kushoto.

Wakati huo nilikuwa nimejifunza taichi, sanaa ya Wachina ya kujihami, miezi saba. Nilijua kabisa dawa ya mshiko ule: ni mwondoko wa saba, wanaouita kushika mkia wa shomoro. Unaupokea mkono wa mtu, unauzungusha, unamsindikiza huko alikokuwa anakwenda. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimejifunza miondoko yote ishirini na minne kama mtoto anavyojifunza sala. Huwezi kumwamsha mtoto umwambie aanzie katikati. Ili nifike ya saba, ilinibidi nianze ya kwanza.

Basi nikaanza. Nikavuta pumzi, nikainua mikono yote miwili polepole mpaka usawa wa mabega, na mkono wa yule bwana ukiwa umening'inia kwenye wa kwangu.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Haji Musa, Mganda wa makamo aliyekuja Sweden kama mkimbizi, mtu mpole sana mwenye Kiswahili cha Kampala, aliyeniita nyabo, yaani mama kwa Kiganda. Alifika mbio, akasimama.

"Nyabo, sasa wewe nafanya nini?"

"Niko ya pili. Usinikatize."

"Hii mtu nakushika!"

"Najua ananishika. Ya tatu hii. Ukinisemesha nitarudi mwanzo."

Na kweli nikasahau kama nilikuwa ya tatu au ya nne, nikarudi mwanzo. Nilipoinua mikono tena, yule bwana aliniachia mwenyewe. Akarudi nyuma hatua mbili, akaniangalia kwa huruma, akauliza kama niitiwe ambulensi. Halafu akaokota kopo lake, akaondoka kwa adabu.

Haji Musa alinipeleka chumba cha mapumziko. Akamimina kahawa. "Nyabo," akasema, "hiyo karate yako ni nzuri sana. Lakini adui lazima iwe na nafasi. Lazima iwe hana kazi siku hiyo."

*

Mwalimu wangu alikuwa Bi Guo, fundi cherehani mwenye kibanda cha kurekebisha nguo karibu na ngazi za umeme. Mchina, mdogo kama jagi, umri wake hakuna aliyeujua. Kabla maduka hayajafunguliwa alikuwa akisimama mbele ya kibanda chake na kucheza taichi peke yake, polepole kama mtu anayetembea ndani ya uji. Mimi nikifungua milango nilikuwa nikimtazama. Siku moja nikamuuliza kama inasaidia mtu akivamiwa.

Alininyooshea mkono, akaniashiria nimsukume. Nikamsukuma kwa adabu, kama unavyomsukuma mtu mzima. Nikajikuta nimekumbatia rafu ya suruali za watu.

Nikamuuliza bei palepale, kabla sijainuka.

Bi Guo alitaka chapati, kwa sababu aliwahi kuonja za kwangu. Akadai ishirini kwa kila mwondoko. Nikacheka kicheko cha Kongowea, kile cha kugeuka na kuondoka. Nikatembea hatua sita. Ukitembea chini ya sita muuzaji hakuamini, ukizidi kumi hakuoni tena. Akaniita. Tukaja kwenye kumi na tano, tukaja kumi na tatu, nikamwambia mwondoko wa nane ni ule wa saba uliogeuzwa upande wa pili, kwa hiyo ni nusu bei. Akasema, kwa Kiswidi chake kilichokuwa kibovu kuliko changu, kwamba nitakuwa mwanafunzi mbaya lakini mteja mzuri. Tukapatana kumi na mbili, yote sawasawa. Kumi na mbili mara ishirini na nne ni mia mbili themanini na nane. Zile nne za ziada nitazieleza.

Majina ya miondoko yalinipa taabu. Kuna unaoitwa kumfukuza nyani, na unafanywa kwa kurudi nyuma. Sisi Wataita tumepakana na nyani tangu mahindi yalipoanza kuota. Nikamwambia Bi Guo, mwalimu wangu, nyani ukirudi nyuma anakufuata mpaka jikoni. Nyani dawa yake ni jiwe. Akasema nyani wa China wana heshima. Shomoro nao, nimekua nao, sijaona hata mmoja aliyesubiri kushikwa mkia.

Kwa hiyo nikayapa majina yangu. Mikono kama mawingu nikaiita kupangusa meza ya harusi. Kutenga manyoya ya farasi nikauita kukunjua kanga. Mkia wa shomoro ukawa kukamua shuka la mtoto: unapokea, unazungusha, maji yanakwenda zake. Nilipompa Bi Guo tafsiri hizo alizikubali zote, kwa sababu hata yeye, akasema, alifundishwa na shangazi yake kwa majina ya kazi za kiwandani.

Jambo moja hakunifundisha, ni kiuno. Alianza kunieleza kwamba sanaa hizi zinaitwa za ndani kwa sababu nguvu haitoki kwenye misuli ya mkono, inatoka chini, inapita kiunoni, mkono ni mpeleka barua tu. Nikamwambia mama, mimi nimecheza chakacha kwenye harusi za watu tangu nina miaka kumi na minne, kiuno nimekuja nacho. Akanitaka nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Akasema hapo tumeokoa mwaka mmoja. Nikaomba punguzo la mwaka mmoja. Akakataa.

*

Yaliyo ya kweli nitawapa bure, msije mkasema bibi ni mcheshi tu.

Mtu akikushika mkono, usivute. Ukivuta unamkumbusha kukaza. Msogelee nusu hatua, atashangaa, na mshangao ni kama mlango ulioachwa wazi. Mshiko wowote una upande dhaifu, ni pale kidole gumba kinapokutana na vingine. Zungusha mkono kuelekea hapo, kwa kiuno, usitumie bega. Usitazame macho ya mtu, macho yana uongo mwingi. Tazama kifua, hakuna anayekwenda mahali akakiacha kifua nyuma. Na usisimame na uzito sawa miguu yote miwili kama kabati. Mguu mmoja uwe mtupu, tayari kuondoka.

Lakini kabla ya hayo yote kuna mdomo. Katika miaka ishirini na miwili nimetuliza watu wengi zaidi kwa kuwauliza kama wamekula. Baada ya mdomo kuna mlango. Baada ya mlango kuna kukimbia. Taichi ni ya nne kwenye foleni, na siku nyingi duka hufungwa kabla haijahudumiwa.

Tena msifanye mazoezi mkiwa na suruali ya sare. Ile ya kwanza ilinichanika kwenye mwondoko wa kushuka chini kama nyoka, mbele ya wanafunzi wa shule waliokuja kununua aiskrimu. Wale watoto walipiga makofi. Ya pili na ya tatu zilichanika vilevile. Tofauti ni kwamba makofi yalipungua.

*

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ilipobaki miaka miwili nistaafu, kampuni yetu ikapata mkufunzi mpya, Fredrik. Kijana mwenye shingo pana kuliko kichwa, lakini muungwana. Akaja na utaratibu wake: kila mlinzi atashikwa mara tatu, na lazima ajinasue mara tatu. Ukishindwa hata moja, huendelei na kazi ya zamu. Birgitta, mkubwa wetu, alifunga mlango wa ofisi akaniambia ukweli: kwa umri wangu hakukuwa na kiti kingine cha kunihamishia. Ningekwenda nyumbani miaka miwili kabla, na pensheni yangu, iliyokuwa nyembamba tayari kwa kuwa nilianza kazi nikiwa mtu mzima, ingebaki ya kununulia chai bila maziwa.

Jioni nilimpigia simu mjukuu wangu. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi, tunaelewana. Akaniambia nimpige huyo Fredrik teke. Nikamwambia teke ni mwondoko wa kumi na tatu, atakuwa ameshakwenda kula.

Haji Musa naye alinishauri niugue. "Nyabo, mgongo. Daktari hawezi kuona mgongo."

Nikaenda kwa Bi Guo. Nikamweleza yote: mtihani, pensheni, na ile aibu ya mashine ya makopo ambayo nilikuwa nimemficha. Bi Guo alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Halafu akashusha gora la kitambaa kutoka rafuni, gora zima la kitambaa cha suti, akanizungushia mwilini mara tano mpaka nikashindwa kuinua mikono.

"Umependeza?" akauliza.

"Hapana."

"Kitambaa kibaya?"

"Kizuri. Kingi tu."

"Basi, ndivyo unavyopigana," akasema. "Hakuna mtu anayevaa gora. Kata."

Akachukua chaki ya ushonaji, akanichora mstari kwenye mkono wa sare, juu kidogo ya kifundo. Akaniambia mtu akishika hapa, mwondoko wa saba unaanzia hapa, kwenye chaki. Ile sita ya mwanzo iache kwenye gora. Akachora mwingine kwenye kiwiko, mwingine begani. Nikatoka pale nimechorwa kama suti inayongoja harusi.

Halafu akaanza kunivizia. Vijana wangu, mkitaka kujua maana ya kuishi kwa wasiwasi, mviziwe na Mchina mwenye umri usiojulikana mwenye ufunguo wa mlango wa nyuma. Alinishika kwenye foleni ya mkate. Alinishika nikiwa nanawa mikono chooni. Siku moja alinirukia nje ya duka la miwani, nikainua mikono, mwondoko wa kwanza, mazoea mabaya, na redio yangu ikaruka kutoka mkononi ikaenda kutia ufa kioo. Birgitta akaja. Bi Guo, fundi mzee mwenye pini kifuani, akasema ni upepo. Tukiwa ndani ya jengo. Mwenye duka la miwani nilimpelekea zile chapati nne za kuomba radhi, akaniambia kioo kina bima na kama naweza kuongeza.

Kufikia wiki ya tatu, Bi Guo alinishika nikiwa nakula ndizi, na nikajinasua bila kuiacha ndizi. Akatikisa kichwa mara moja. Kwake hizo zilikuwa sifa.

*

Mtihani ulifanyika kwenye chumba cha chini, mikeka imetandikwa, meza ya kahawa imewekwa pembeni kwa sababu katika nchi hii hata mtu akifukuzwa kazi lazima kwanza kuwe na kahawa. Birgitta alikaa na karatasi. Haji Musa, aliyekuwa amefaulu kabla yangu kwa kumwomba Fredrik kwa unyenyekevu amwachie, alikaa karibu yake.

Fredrik akanishika mkono. Nikahisi mabega yangu yanataka kupanda, mwondoko wa kwanza unagonga hodi. Nikaangalia chaki. Nikasogea nusu hatua, nikakamua shuka. Mkono ukatoka mtupu na safi. Birgitta akaandika.

Mara ya pili alikuja kunisukuma kifuani kwa mikono miwili. Hapa nilipokea, nikageuza kiuno, nikamsindikiza. Kosa langu ni kwamba nilimsindikiza kwa moyo wote, kile kiuno cha harusini, na Fredrik hakuwa mzoefu wa wageni wanaosindikizwa namna ile. Alipita kando yangu akaenda moja kwa moja kwenye meza. Akainuka na andazi la mdalasini limemganda kwenye paji la uso.

"Hiyo ni mbili," Haji Musa akasema haraka, kabla mtu hajabadilisha nia.

Ikabaki ya tatu. Fredrik akajifuta, akazunguka nyuma yangu, akanikumbatia kutoka mgongoni, mikono yangu ikiwa ndani.

Nikatafuta mwondoko. Nikahesabu kichwani kutoka wa kwanza hadi wa ishirini na nne. Hakuna wa mgongoni. Nikahesabu tena. Ishirini na nne, na wote wanatazama mbele. Chapati mia mbili themanini na nane, na Bi Guo hakuniuzia mgongo! Nikasikia pumzi ya Fredrik sikioni, nikamwona Birgitta ameinua kalamu, nikaiona ile chai bila maziwa.

"Nyabo!" Haji Musa akaita. "Kama jikoni!"

Sijui alikuwa na maana gani. Hata yeye hajui, nimemuuliza mara mbili. Lakini mwili wangu ulisikia jikoni, ukakumbuka kitu kimoja tu: mbuzi ya nazi. Kile kiti kifupi cha kukunia nazi, mnakijua, mnakiona ukutani kwa mama zenu kama pambo. Nikaketi. Sikuinama wala sikuchuchumaa. Niliketi kwa uzito wangu wote, kama mtu mwenye nazi sita na wageni mlangoni. Mikono ya Fredrik ikapanda mabegani kwangu, kichwani kwangu, halafu hewani, na yeye mwenyewe akanifuata kwa juu, akapita, akatua mbele yangu mgongo chini. Tukatazamana. Mimi nimeketi mkekani, yeye amelala.

"Huu unaitwaje?" akauliza.

"Kukuna nazi."

"Ni wa Kichina?"

"Wa ndani kabisa," nikamwambia, na hapo sikusema uongo.

Birgitta akaandika ya tatu. Nikafanya kazi miaka yangu miwili, kamili, siku ya mwisho nikiwa na suruali nzima. Bi Guo nilipomlalamikia kwamba hakuniuzia mgongo, alisema mgongo ni somo la ndani ya nyumba, halitolewi kwa chapati, linatolewa kwa nyama.

Sasa, mnaona niliposimamisha hadithi? Nimeketi mkekani. Sikusema niliinuka. Haji Musa na Birgitta walinishika kwapa huku na huku, wakanivuta kama gunia la viazi, na Fredrik hakuona kwa sababu alikuwa ameshainuka na kuinamia karatasi, akiandika. Akautia mwondoko huo kwenye mafunzo yake. Anaufundisha mji mzima kwa jina langu. Na mwezi ujao ameniita Tensta, mbele ya walinzi wapya thelathini, nyinyi watatu mkiwemo, niuonyeshe mwenyewe kwa ukamilifu, tangu kushikwa hadi kusimama na kuondoka kwa heshima. Nimekubali. Nilikuwa nimeshaikumbatia bidhaa.

Nimejaribu nyumbani mara kumi na moja. Kuketi naketi vizuri sana. Kusimama nimeshindwa mara kumi na moja, ya mwisho nilitambaa mpaka kwenye kochi nikizungumza na Mungu. Kwa hiyo naomba, yeyote kati yenu mwenye bibi pwani aliye hai, ampigie simu wiki hii, amuulize kwa makini: nazi ikiisha, watu wazima walikuwa wanaondokaje pale kwenye mbuzi? Walianza na mguu gani? Mimi nakumbuka nikiwaona wameketi, na nakumbuka wali ukiletwa. Katikati pale sikutazama.